Vidole Aomba Kushika

Maumivu yalimkuta Vidole kazini, viganja vikiwa mgongoni mwa mteja. Alikuwa mkandaji. Alikuwa haoni tangu utotoni, na jina hilo la utani alipewa na wateja kwa sababu vidole vyake viligundua msuli uliokaza kabla mwenyewe hajalalamika. Siku hiyo kitu kilimchoma ubavu wa kushoto, kikashuka hadi kinenani. Akaachia mgongo wa watu, akashika meza.

"Mganga hajigangi," mteja, mwalimu mstaafu, alimtania. Alipomwona anatapika kwenye ndoo ya taulo, utani ukamwishia.

Vidole alikaa, akasimama, akapiga magoti, akalala sakafuni. Hakuna mkao uliokubali. Maumivu yalikuja, yakamkamua jasho, yakaondoka kana kwamba hayakuwahi kuwepo, kisha yakarudi. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba alijibonyeza kila mahali asipate fundo lolote. Makali namna hiyo, na hayashikiki!

Dada yake mkubwa alimkimbiza hospitali. Wakamchoma sindano ya kutuliza, wakampima mkojo, wakampiga picha.

"Angalia hapa," alisema daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya haraka, kisha akajikatiza. "Samahani, kaka."

"Usijali. Niambie tatizo liko wapi, nitaangalia kwa namna yangu."

Daktari akamshika mkono, akauweka kwenye kiuno cha Vidole mwenyewe. "Figo iko hapa. Kuna mrija mwembamba unashuka hivi mpaka kwenye kibofu." Akakiongoza kidole chake polepole, akakisimamisha. "Jiwe limekwama hapa. Ni kama punje ya mahindi."

"Punje moja ndiyo imenigaragaza?"

"Imeziba njia. Mkojo unarudi nyuma, figo inavimba."

"Mtanipasua wapi?"

"Hatupasui. Tunaingiza kamera nyembamba, tunalivunja kwa leza."

"Inaingilia wapi?"

"Njia ya mkojo."

Dada akakohoa.

"Njia ileile?"

"Ileile. Lakini utakuwa umelala fofofo."

Vidole akafikiri. "Basi naomba niishike hiyo kamera."

"Wewe!" dada akamkemea. "Utawaharibia watu vyombo."

Daktari alitoka, akarudi na kamera iliyostaafu, ya kufundishia wanafunzi. Vidole akaipapasa toka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyohofia. Daktari alipobonyeza kitufe, ncha ikapinda mikononi mwake.

"Inageuza kichwa!" alisema. "Hebu tena." Ikageuzwa mara nne, mpaka mgonjwa aliyesubiri nje akagonga mlango.

Dada akamsomea fomu ya ridhaa: damu, maambukizi, mrija kujeruhiwa. "Rudia hapo kwenye kujeruhiwa," Vidole alisema. Ikarudiwa, daktari akaeleza, naye akaweka dole gumba.

Lakini mkojo ulikutwa na vijidudu, kwa hiyo alimeza dawa siku tano kwanza, akisikilizia kila wimbi la maumivu kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka. Siku ya kutolewa jiwe alifika bila kula wala kunywa, kama alivyoagizwa. Nesi akamchora ubavuni kwa kalamu ya baridi.

"Unaandika nini, sista?"

"Mshale. Upande wa kushoto, tusije tukakosea."

Vidole akajipapasa kuhakikisha. "Haya, hujakosea."

Alizinduka koo kavu. Alipokwenda haja ndogo ilimchoma, nao mkojo ulikuwa wa waridi. Hilo dada alimwarifu bila kuombwa. Ndani kulikuwa kumeachwa kimrija laini cha kushikilia njia iwe wazi, kitolewe baada ya wiki. Lile wimbi la kumgaragaza halikurudi tena.

Daktari alikuja na kichupa, akamdondoshea vipande vya jiwe viganjani.

"Ni hivi tu?" Akasaga kimoja kati ya kidole na dole gumba, akashtuka. "Kumbe lina meno! Ndiyo maana."

Akavirudisha kichupani kimoja kimoja, viende maabara. "Sasa niambie, daktari. Mwili unatengenezaje kitu kama hiki? Nilikunywa maji kidogo? Au ni chumvi?"

Daktari akavuta kiti, akakaa.