Kabati Zima

Kamati ya vifaa ilimruhusu fundi wa maabara ya seli kuomba kifaa kimoja tu, na fomu ilitakiwa mchana wa siku hiyo. Wenzake walimwita Bi Hesabu, kwa kuwa alikuwa akihesabu seli kwa macho, moja moja, chini ya darubini, mpaka shingo ikakakamaa. Alitaka mashine ya kuhesabia. Alishaitia alama ya penseli, na roho yake ilitulia tuli.

Kabati jipya la joto hakuliwaza. Makabati ya kukuzia seli yalikuwa mawili, moja limekufa, la pili linafanya kazi. Jioni ya jana, ili wakaguzi wasije wakachanganya, alibandika karatasi milangoni. Kwenye lililokufa aliandika BOVU. Kwenye lile lingine aliandika ZIMA. Akaridhika na Kiswahili chake, huyo akaenda zake nyumbani.

Ndani ya lile zima mlikuwa na chupa sita za seli za ngozi ya mwoka mikate aliyeungua kifua na mikono. Madaktari walikata kipande kidogo cha ngozi iliyosalimika, yeye akakikuza kwa wiki tatu. Jana alizipima seli, zikaonekana salama. Leo saa nne asubuhi zingenyunyiziwa kwenye kidonda. Akiba haikuwepo.

Asubuhi alipofika, alimkuta mama wa usafi amesimama mlangoni, ndoo chini, uso umemshuka.

"Mwanangu, nimekosa," mama alisema. "Alfajiri nilikuta umeandika zima, nikazima. Nikaenda kupiga deki ukumbi. Niliporudi kufagia upande ule, nikakuta kabati la pili limeandikwa BOVU. Ndipo nikaelewa, nikaliwasha."

"Lilikaa limezimwa muda gani?"

"Saa nzima na nusu hivi."

Bi Hesabu alitazama kibao cha kabati. Nyuzi thelathini na saba, kama kawaida, kama vile hakuna kilichotokea. Hasira ilimpanda, ikatafuta wa kumwangukia, ikakutana na mwandiko wake mwenyewe pale mlangoni.

Alivaa glavu. Alichukua matone kutoka chupa ya kwanza, akachanganya na rangi ya buluu, akayaweka kwenye kioo cha kuhesabia. Seli iliyokufa huinywa rangi hiyo ikawa buluu yote. Iliyo hai huikataa. Mama wa usafi hakuondoka. Alisimama ukutani, mikono kifuani, hata kukohoa aliogopa.

Bi Hesabu alihesabu mia moja. Za buluu zilikuwa nane. Hakuamini, akaenda chupa ya pili, halafu ya tatu, hadi akazimaliza zote sita. Hakuna iliyovuka kumi.

"Ziko hai," alisema. "Njoo uone, mama."

Mama aliinama kwenye darubini, jicho moja amelifumba kwa nguvu. "Hizi zinazong'aa ndizo nzima?"

"Ndizo. Na hilo neno sitaliandika tena mlangoni mpaka nistaafu."

Wakacheka, cheko la watu walioponea chupuchupu. Kisha Bi Hesabu akamshika mikono. "Ungeliwasha ukanyamaza, nisingejua. Ningezipeleka bila kuzipima tena, na kama zingekuwa zimekufa, yule bwana angefunikwa kwa maji matupu. Asante, mama. Asante sana."

"Usinishukuru haraka hivyo," mama alisema. "Nilitaka kunyamaza. Nilishika ndoo nikaondoka. Nikafika ngazini, nikashindwa kushuka."

 Bi Hesabu alizidi tu kumbana mikono.

Saa sita daktari alipiga simu kusema kazi imekwenda vizuri, mgonjwa ameamka na anaulizia chai. Bi Hesabu alikata simu. Kisha akavuta fomu, akachukua kifutio, akaifuta mashine ya kuhesabia. Shingo itavumilia. Akatia alama kwenye kabati jipya, lile lenye king'ora na kumbukumbu ya joto, safari hii kwa kalamu ya wino.

Penye sababu ya ombi aliandika: "Kabati tulilo nalo likizimwa halisemi. Leo limesemewa na mtu ambaye angeweza kunyamaza."