Kura ya Nabalayo

Presha ya macho ilimpofusha Nabalayo mwaka uleule aliomzika mumewe. Kwa hivyo siku ya uchaguzi mkuu, binti yake Immaculate alifunga saluni yake pale Nakuru mjini, akamshika mkono hadi shule ya msingi walikopigia kura. Sheria inamruhusu asiyeona kuingia na mtu anayemwamini.

"Mathe, nani atakuwekea alama?" karani aliuliza.

"Huyu msichana wangu. Nani mwingine?"

Immaculate akala kiapo kwamba angeweka alama pale atakapoambiwa. Karatasi za kwanza hazikuwa na shida. Ya mwakilishi wa wadi ndiyo iliyomkwamisha.

"Kabiru," mama alinong'ona.

Kabiru ndiye aliyekuwa akishikilia kiti hicho. Alikuja kumzika baba yake Immaculate, akabeba jeneza hadi kaburini, na Nabalayo hakumsahau. Lakini Immaculate alikumbuka zahanati ya mtaa, ambayo Kabiru aliikatia utepe na haikupata hata muuguzi mmoja. Mama alienda pale akiwa bado anaona kidogo, akakuta kufuli. Kwa sababu hiyo Immaculate alimpigia kampeni Natalie, mwalimu aliyeahidi kuifungua.

Alizitazama picha za hao wagombea wawili kwenye karatasi, kalamu mkononi. Kisha akaweka alama kwa Natalie.

"Umeweka?"

"Nimeweka, mama."

Kabiru alishinda kwa kura nyingi, na Nabalayo akawaambia majirani kwamba hata yake imo. Kila akiisikia hiyo hadithi, Immaculate alikosa pa kutazama. Mwishowe, wakichambua sukuma wiki jikoni, akamwambia ukweli.

Mikono ya mama ikasimama.

"Ulidhani nimesahau ile kufuli? Mimi ndiye niliyeishika."

"Ni juu ya macho yako nilifanya vile."

"Macho ni yangu. Na kura ilikuwa yangu."

Hawakugombana. Waliendelea kuongea kuhusu chakula na mvua. Ila tangu siku hiyo, meseji zikiingia kwa simu, Nabalayo alimpelekea jirani yao Shiko amsomee.

Baadaye mahakama ikafuta ushindi wa Kabiru, na uchaguzi wa wadi ukarudiwa. Immaculate alidhani mama hatataka kwenda. Asubuhi alimkuta ameshavaa, ameketi akimngoja.

Kituoni, karani alipouliza nani atamsaidia, Nabalayo alisema, "Nisaidieni nyinyi wenyewe."

Msimamizi wa kituo, kijana aliyeitwa Kiplimo, akamweleza taratibu. "Mathe, tukikusaidia sisi, lazima maajenti wa wagombea wawepo. Utataja jina wakisikia. Haitakuwa siri."

"Wacha wasikie."

"Na huyu si binti yako?"

"Ni wangu. Atanisubiri nje."

Immaculate akatoka, watu wa foleni wakimwangalia. Akiwa karibu na dirisha alisikia sauti ya mama, ya chini lakini imara, asilishike jina. Angeweza kumuuliza ajenti yeyote. Kufikia jioni mtaa mzima ungejua. Hakuuliza.

Mama alipotoka, Immaculate akamnyooshea mkono, naye akaupokea, maana barabara ilikuwa imechimbwa mitaro. Walipofika getini kwao Nabalayo akauachilia, akapapasa ukuta peke yake hadi mlangoni.