Mtihani Uliokatwa Kichwa

Mwenye duka la kuchapa alikuwa na mtindo wake wa kazi. Mitihani ya zamani aliitoa kwenye kundi la walimu mtandaoni. Simu aliiweka ishushe yenyewe kila faili lililotumwa humo, ili akifungua duka akute kazi inamsubiri. Kabla ya kutoa nakala alifunika sehemu ya juu kwa kipande cha karatasi nyeupe, maana mwanafunzi hapendi kununua jaribio lenye jina la shule ya watu. Kichwa kikishaondoka, karatasi inakuwa ya yeyote. Kusoma hakusoma. Nani ana muda wa kusoma anachochapa?

Nakala zilizochafuka wino alimpelekea bintiye, aliyekuwa kwenye mitihani yake ya mwisho ya sekondari.

Siku ya hesabu binti alipitia dukani, shati limechomoka kwenye sketi, anacheka peke yake.

"Mama, leo nimeua!"

"Umeua nini?"

"Hesabu! Ile karatasi yako yenye wino, yote imetoka. Hadi lile swali la tangi linalovuja. Namba zilezile."

"Zilezile?"

"Zilezile, mama. Una mkono wa bahati wewe, naapa."

Fundi cherehani, aliyepanga nusu ya duka, alicheka nyuma ya mashine yake. "Basi nichapie na mimi mume, mwenzangu."

Mama naye akacheka, kwa kuwa wenzake walikuwa wanacheka. Binti alipoondoka, akafungua simu. Faili la hesabu lilikuwepo. Juu kabisa, pale anapofunika siku zote, palikuwa na jina la baraza la mitihani, na mwaka, mwaka huu huu, na onyo kwamba karatasi isifunguliwe kabla ya siku yake. Chini ya hilo lilikuwepo faili jingine, la kemia. Kemia ilikuwa kesho.

Akangoja moyo uende mbio. Haukwenda. Mteja alileta kitambulisho akitaka nakala, akamtolea, akamrudishia chenji yake sawasawa. Vidole vilifanya kazi kama vya mtu mwingine, yeye kaviazima tu.

"Una nini?" fundi akauliza.

Akamwonyesha. Fundi alisoma huku midomo inacheza, kisha akainuka akaurudishia mlango.

"Futa."

"Nimeshawauzia watoto wa watu ile ya hesabu."

"Futa, nakwambia! Hii ni jela, dada, siyo mchezo. Kwani wewe ulijua?"

"Sikujua."

"Basi hukufanya."

"Na wakiniuliza kichwa nilikikatia nini?"

Fundi akainama kuokota uzi sakafuni.

Jioni, baada ya kula, mama alimweleza binti. Alieleza kama mtu anayemsomea mteja bei. Binti alikuwa na daftari la kemia mapajani.

"Lakini mimi sikuiba."

"Hukuiba."

"Lile la tangi ningeliweza hata bila karatasi. Muulize mwalimu."

"Najua, mwanangu."

"Sasa unataka kwenda kusema nini?"

"Kwamba kemia iko nje. Kuna watoto wanaisoma sasa hivi."

"Na wakifuta hesabu yangu?"

Mama alikuwa anakwangua masizi ya sufuria. Alikwangua mpaka pakang'aa, akaendelea kukwangua hapo hapo.

"Wakifuta, mama?"

"Sijui."

"Basi usiende. Mimi nanyamaza. Na wewe ukinyamaza, nani atasema?"

Binti akafunga daftari, akaenda kulala bila kuaga.

Asubuhi mama alitangulia shuleni. Mkuu wa shule alikuwa ofisini, bahasha za kemia ziko mezani na lakiri zake. Mama akamwekea simu mbele yake. Mkuu alitazama, akavua miwani, akatazama tena, akakaa.

"Umeshusha wewe?"

"Simu ndiyo iliyoshusha. Ya kemia sijaichapa. Ya hesabu niliichapa mimi, nikaiuza."

"Ukawauzia akina nani?"

Alijaribu kweli kukumbuka. Akaona mikono inayonyoosha hela, sare, mmoja mwenye plasta kidevuni. Majina hakuwahi kuuliza.

"Siwajui."

"Hata mmoja, mama? Maana nikipiga simu huko juu, wataanza na swali hilo hilo."

Dirishani wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, wanapekuliwa mmoja mmoja. Binti yake alikuwa amenyoosha mikono pembeni, anapapaswa mifuko, macho yako mbele. Mama alimtazama jinsi unavyomtazama mtoto wa jirani.

"Mmoja namjua," akasema.

Mkuu akachukua kalamu.

Akamtajia jina lote, la binti, la baba yake na la babu yake, taratibu, kama linavyoandikwa kwenye cheti.