Alhamisi ya Kuhesabiwa Dampo

Sumaku alianza kumtilia shaka binti wa kaka yake kwa sababu ya soda. Miaka mitatu binti yule alikuwa afisa mipango wa halmashauri, na miaka yote hiyo hakukanyaga kwa shangazi yake, labda kwa kuona aibu kuwa na ndugu anayeokota taka. Leo kaja mchana kweupe na soda mbili, viatu vya kung'aa na maswali.

“Shangazi, mko wangapi kule dampo?”

“Kwa nini?”

“Nataka kujua tu.”

Hapo machale yakamcheza. Tangu lini mtu wa serikali akataka kujua tu? Sumaku alipewa jina hilo kwa sababu aliweza kuchomoa waya wa shaba kwenye lundo ambalo wenzake wamelipita mara tatu, na sasa alimkagua mgeni wake vivyo hivyo, kuanzia utosini hadi kisiginoni.

Binti alieleza. Kulikuwa na mpango mpya: dampo lifungwe na kufukiwa, na karibu na barabara kijengwe kituo cha kutenganisha taka, plastiki huku, chuma kule, mabaki ya vyakula yageuzwe mbolea. Alhamisi angekuja na fomu kuwahesabu waokotaji.

“Mwambie kila mtu awepo. Zaidi ya hapo siwezi kusema, mpango haujapitishwa. Niamini tu.”

Heri asingelisema hilo la mwisho. Sumaku aliwakumbuka wauza mitumba wa stendi ya zamani. Nao walihesabiwa kwa tabasamu, na wiki iliyofuata vibanda vyao vikapigwa alama ya X nyekundu, kisha likaja tingatinga. Akainywa soda yote, maana yenyewe haikuwa na kosa, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni, halafu akapanda dampo mbio mbio.

“Tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa,” aliwaambia wenzake. “Alhamisi asionekane mtu.”

Fundi Redio, mzee anayefufua redio zilizotupwa, alisita. “Yule si damu yako? Labda ana nia njema.”

“Damu yangu inalipwa mshahara na wao. Wasipotuona, watamfukuza nani?”

Wakacheka, wakakubali. Walikuwa thelathini na mmoja, na neno la Sumaku pale dampo lilikuwa sheria.

Alhamisi walijibanza nyuma ya ukuta wa kiwanda cha matofali kilichokufa zamani, magunia yao wameyafunika kwa turubai. Binti akaja peke yake, kavaa mabuti yanayompwaya, kazikumbatia fomu zisipeperuke. Akaita. Akalizunguka lundo, akaita tena, “Shangazi! Ni mimi!” Watu waliziba midomo wasiangue kicheko. Sumaku naye alicheka, ingawa sauti ile ilimchoma kidogo, ilivyofanana na ya marehemu kaka yake. Saa tisa binti alikuwa bado amesimama juani. Kisha akaandika kitu, akaondoka.

Mwezi uliofuata mpango ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi za halmashauri. Sumaku akawaacha wenzake wakisukumana mbele ya ubao, akaingia ndani moja kwa moja hadi kwenye meza ya binti.

“Mmetuandika nini?”

Binti alichelewa kuinua macho. “Ambao wangekutwa dampo ndio walikuwa wapewe kazi kituoni, shangazi. Bila vyeti, bila usaili. Miezi sita nimepigania kipengele hicho. Nafasi arobaini.”

“Na sasa?”

“Sasa zitatangazwa, waombe wenye cheti cha kidato cha nne. Mkuu wangu kasema hawezi kumpa nafasi mtu ambaye hakuna aliyemwona.” Akashusha sauti. “Wewe nakujua, na namba ya kitambulisho chako ninayo tangu msiba wa baba. Nikakuandika. Sikuwa na moyo wa kukuacha.”

“Nifute.”

“Imeshapigwa muhuri.”

Sumaku alitaka kumkumbatia, alitaka kumzaba kofi, na zaidi ya yote alitaka kurudi kwenye Alhamisi ile, atoke nyuma ya ukuta na mikono juu. Akatoka nje.

Kelele za ubaoni zilikuwa zimekatika. Fundi Redio alikuwa ameweka kidole kwenye karatasi, anasoma kwa sauti, neno baada ya neno. “Waokotaji waliothibitishwa kuwepo dampo: mmoja.” Kisha akalisoma jina. Lilikuwa jina la Sumaku, lile la kitambulisho. Wote wakageuka.

“Sikujua,” Sumaku alisema. “Haki ya Mungu, sikujua.”

“Wewe ndiye uliyetuambia tujifiche,” Fundi Redio alijibu taratibu, huku akikunja miwani yake. “Thelathini tumefichwa, mmoja kaandikwa.”

Hata Sumaku mwenyewe, angesimuliwa habari hiyo juu ya mtu mwingine, asingeamini.