Wasipoandika Hali, Andika Marehemu

Gauthier anajiita ingénieur, yaani mhandisi. Haya, tumwache ajiite. Tuliandika pamoja programu ya parokia yetu hapa Katuba, ile inayotuma matangazo ya misa kwenye simu za waamini, naye ndiye aliyeshika sehemu ya majina ya wanaoombewa misa. Kila jina lina hali yake: mzima, mgonjwa au marehemu. Asiyetaka kuandika hali anaruhusiwa kuiacha, programu itajaza yenyewe. Itajaza nini? Bwana mkubwa akaweka "marehemu"!

"Edith, misa karibu yote iko ya bafu, ya bantu benye kufa," aliniambia. "Juu ya nini nichokeshe ba mama ba sekretariati?"

"Kufa haiko kitu ya kukisia," nikamjibu. "Toa ile. Mashini ikatae mupaka muntu aseme."

Akacheka. Ana kile kicheko cha watu ambao, kwa maoni yao wenyewe, hawajawahi kukosea.

Wakati huo baba yangu, mzee Floribert, alikuwa kitandani, na alitaka kitu kimoja tu: kumwona mdogo wake Alexis kabla hajafumba macho. Baba mdogo Alexis anakaa Karavia, hapa hapa mjini. Ana gari, ana na dereva. Kila nikimpigia simu: "Niko mu réunion, mama." Ah bon! Mkutano gani huo usioisha tangu mvua za mwaka jana?

Basi nikaomba misa kwa ajili ya baba. Mama wa sekretariati akaandika jina, hali akaiacha; programu ikajaza yenyewe na tangazo likaruka kwenye simu za watu. Kabla ya saa sita, uwanja wetu ulikuwa umejaa viti vya plastiki, turubai limefungwa, wanawake wanagaagaa chini kwa kilio, na marehemu mwenyewe yuko ndani anakunywa uji.

Gauthier akaja mbio. "Usikasirike, Edith. Nabadilisha sasa hivi, naweka 'muzima'."

"Na mwenye kufa kweli, je? Tutamwimbia Aleluya? Mupumbafu weye!"

Ndipo gari kutoka Karavia likasimama mlangoni. Baba mdogo akashuka, suti nyeusi, miwani nyeusi, na nyuma ya gari jeneza la mbao linalong'aa. Kumbe barabara ya Katuba inapitika! Akaingia akijipigapiga kifua: "Yaya weee! Yaya, umeniacha!" Akamkuta yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, ameketi, kijiko mkononi. Akavua miwani.

Gauthier, mtu asiye na haya hata kidogo, akaninong'oneza: "Si unaona? Programu yangu imemuleta."

Nilitamani kumzaba kofi, lakini baba alikuwa akilitazama lile jeneza kupitia dirishani, bila haraka. Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Kwa mugonjwa haukupata njia, kwa kilio umeipata," akasema. "Basi ikala chini, ungojee."