Ladha ya Ndizi kwa Baba Mkwe

Juvenali ana shahada ya kemia, na kwa kuwa nchi bado haijapata matumizi ya shahada hiyo, anashughulikia nyaraka za malori mpakani Rusumo. Hanywi pombe, havuti sigara, na sababu zake zote atakueleza hata kama hukuuliza. Priscila, mama yake Josiane, msichana anayetaka kumwoa, alimpenda kwa hilo la sigara. Mumewe, Mzee Nzeyimana, amevuta kiko tangu ujana, na Priscila ameapa kwamba binti yake hataolewa na harufu ile.

Ilibaki kauli ya mzee. Juvenali alitakiwa kwenda kwa kina Josiane, Mbuba, na mshenga wake, amwombe binti, na apeleke dumu la pombe ya ndizi.

"Utaonja funda moja mbele ya wazee," Josiane alimwambia. "Aliyeleta ndiye anayeanza, waone haijatiwa kitu. Ukishameza, umemaliza."

"Pombe ni sumu hata ikiwa funda moja."

"Basi utaoa sayansi."

Juvenali alitafakari mpaka akafika mahali ambapo mtu asiye na shahada asingefika. Kuonja ni desturi ya vinywaji. Asipopeleka kinywaji, hakuna cha kuonja. Na kwa kuwa mzee anakohoa kwa sababu ya kiko, atampelekea sigara ya kielektroniki; mzee ataacha moshi, atashukuru, atamtoa binti. Hesabu ilikubali pande zote.

Kifaa aliletewa na dereva wa lori, pamoja na chupa ya nikotini. Vimiminika vilivyokwisha kuchanganywa alividharau. Vingi vilikuwa vya ladha ya stroberi, tunda ambalo Mzee Nzeyimana hajawahi kuliona. Angechanganya mwenyewe, kwa ladha ya ndizi mbivu.

Alivaa glavu, akapanga mezani mizani ndogo na sirinji. Glisirini ilikuwa safi, ya duka la dawa, si ile ya kupaka miguu wakati wa kiangazi. Ladha ya kutilia keki, iliyotengenezwa kwa mafuta, aliikataa. Mafuta hayafai kuingia mapafuni, alimweleza Josiane, ambaye hakuwa na mpango wa kuyaingiza. Nikotini aliipimia mvutaji sugu: miligramu kumi na nane kwa kila mililita. Ieleweke kwamba hakukosea kipimo chochote, ingawa baadaye watu walisema alikosea. Kwa mapafu ya Mzee Nzeyimana kilikuwa sahihi.

Kimiminika akakiweka kabatini kiive. Mwenyewe hakukijaribu. Alisoma maoni ya watu waliojaribu vya kwao, jambo ambalo aliona linatosha.

Jumapili alikuja Celestini, baba yake mdogo wa Kaniha, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga.

"Dumu liko wapi?"

"Hatuhitaji dumu, baba mdogo."

Celestini alikitazama kile kichupa, akaitazama barabara ya kurudi Kaniha, akapanda pikipiki.

Mbuba walimkuta mzee amekaa na majirani zake wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pombe mmeiacha kwenye pikipiki?"

Juvenali alieleza. Alieleza tofauti ya mvuke na moshi, akaeleza lami inavyoganda mapafuni, akaeleza joto la kifaa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kiko kikiwa mdomoni.

"Na hiki cha kwenye chupa?"

"Kimiminika, baba. Nimekichanganya mwenyewe."

"Nyumbani kwako?"

"Ndiyo, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu kabisa," alisema Juvenali kwa fahari. Majirani wakatazamana.

"Na kinapita mdomoni."

"Ndiyo."

"Basi anza."

"Lakini si kinywaji, baba."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza kinapita wapi."

Celestini, ambaye huvuta, alijitolea kuanza badala yake.

"Umekichanganya wewe?" mzee alimuuliza.

"Hapana."

"Basi kaa."

Priscila alikuwa amesimama mlangoni. Juvenali akivuta, anakuwa mvutaji mbele ya mtu pekee aliyekuwa upande wake. Asipovuta, ni mtu aliyechanganya kitu peke yake, akakileta kwa mzee, akagoma kukionja. Mtu wa namna hiyo ana jina lake, na jina hilo halitajwi kwenye posa.

Akavuta. Pafu moja fupi lingetosha, lakini alivuta kama anayenyonya mrija.

"Hakijashuka hicho," alisema jirani mmoja. "Sijaona koo likicheza."

Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Na tena.

Ladha ya ndizi ilikuwa nzuri sana. Alikuwa bado anawaeleza hilo jasho lilipomtoka. Alisimama, akaomba radhi kwa Kiswahili fasaha, akafika mgomba wa pili. Kutoka huko shahada ilisikika ikirudi yote. Josiane alichukua kikombe cha maji akamfuata.

Mzee alikisogeza kifaa kwa fimbo, mbali na miguu yake.

"Mmeona?" alisema Priscila. "Havuti. Mvutaji hawezi kutapika namna ile. Niliwaambia."

"Nimeona," alisema mzee. "Na nimeona lingine. Alijua kitamwangusha, akavuta mbele yetu."

Hapo mzee alimpa Juvenali sifa isiyo yake. Celestini, mshenga mzoefu, hakuona sababu ya kumsahihisha.

"Binti nitamtoa," mzee akaendelea. "Ila si kwa hiki. Jumapili ijayo mlete dumu, kama watu. Na aonje."

Kule migombani Juvenali alikuwa ameushika mgomba kwa mikono miwili, uso umempauka. Josiane alimpa maji, akampa na habari.

"Pombe ya ndizi," alisema Juvenali alipoweza, "ina kilevi asilimia ngapi?"

"Funda moja, Juvenali."

Alisukutua, akatema, akafikiri kidogo.

"Sawa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutoa sababu.