Mashimo ya Ephrasia

Jumanne asubuhi Ephrasia alikuwa akigeuza mwani kwenye vichanja vya kukaushia kahawa, shambani Maguu, shemeji yake Placidi alipofika na karatasi yenye mhuri.

Mwani wenyewe ni ule mdogo, unaofanya maji yawe ya kijani. Mbegu yake Ephrasia aliichota ziwani Kihagara, alikozaliwa, ndoo moja tu, akaimwaga kwenye ngoro, mashimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili walime, baada ya kuyatandika maturubai. Kiwanda kimoja kilikubali kuununua mkavu, kiukamue mafuta ya mitambo. Kilitaka mkataba, na mkataba ulitaka mwenye shamba.

"Shemeji, nimeshasaini," Placidi alisema. "Shamba ni la kaka, na kaka hayupo tena. Wewe rudi kwenu, upumzike."

Ephrasia aliumia sana. Mashimo themanini aliyachimba kwa mikono yake, mengine akiwa mjamzito, na leo anaambiwa apumzike! Alifunga mzigo, akapanda basi la kwenda ziwani.

Mashimo yalimfuata. Dereva alipunguza mwendo kwenye kona ili maji yasimwagike, na abiria walilalamika kuchelewa. Jioni yalikuwa yameshatulia nyuma ya nyumba ya kaka yake, Tadei, katikati ya mihogo. Tadei aliuliza yatakaa siku ngapi.

Wiki ya pili mihogo ilianza kuoza. Wiki hiyohiyo Placidi alikuja na mtendaji wa kata, maana kule Maguu mlima ulikuwa umebaki laini, hauna hata shimo la panya.

"Mama, nani alichimba?" mtendaji aliuliza.

"Mimi."

"Na nyasi alilaza nani?"

Kwa Wamatengo mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza. Mwanamke huchimba na kuzifukia. Hakuna asiyejua.

"Marehemu mume wangu."

"Basi. Ngoro ni ya aliyelaza nyasi."

"Mbona yamenifuata mimi?"

"Tumeyaona," mtendaji alisema kwa upole. "Ndiyo maana tumekuja kukuchukua."

Ephrasia alitazama mihogo ya kaka yake. Akasema hatoki pale mpaka jina lake liwe kwenye mkataba. Placidi alinuna, lakini mtendaji akasema hilo ni jambo dogo, na keshokutwa yake akarudi na mkataba mpya.

Jina lilikuwa ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha Vifaa, kati ya pampu na maturubai.

"Hakikisha herufi, mama," mtendaji alisema. "Majina yenu haya ya ubatizo yanatusumbua."

Ephrasia alilisoma mara mbili. Nyuma ya nyumba mashimo yalikuwa yameanza kujipanga kuelekea mlimani.

"Limeandikwa sawasawa," alisema.